Likizo ya Juni Ziwa Nyasa, watu wanne na laki tano mfukoni, inawezekana?

baridi_ya_Njombe:
Habari za jioni wadau. Niko Njombe mjini na nyie mnajua mwezi wa sita huku kukoje, asubuhi majani yameganda utadhani mtu kapita anamwaga chumvi, watoto wanakunywa chai wamevaa makoti na wakimaliza wanarudi kitandani. Nasikia wenzetu Ulaya saa hizi ndo wanakimbilia ufukweni, na mi nimeamua mwaka huu na sisi tukaote jua. Dar sina hela ya kwenda, halafu bahari yenyewe siitaki, mwanangu wa mwisho ngozi yake inawasha, chumvi ikimgusa ni kilio mpaka usiku. Kwa hiyo nataka ziwa, maji baridi (ila yasiwe baridi kama ya Njombe jamani).

Bajeti ni laki tano, yote, mimi na mume na watoto wawili, mmoja ana miaka 8 mwingine 5. Siku sita hivi, watoto wakishafunga shule. Nimechora mpango wangu hivi, Matema siku mbili, hapo tunapanda meli mpaka Mbamba Bay siku mbili, halafu kuna mtu kanambia Kigoma maji yake unaona mpaka chini nikasema basi tumalizie huko. Nilivyomsomea baba watoto kacheka, akasema kaulize watu kwanza. Haya nimekuja kuuliza.

BwanaKosta:
Shemeji kacheka na ana haki yake 😂

Dada Kigoma futa kabisa, hiyo iko Ziwa Tanganyika. Kwenye ramani yale maziwa mawili yanaonekana yamepangana kama vidole, lakini kutoka Mbeya unaenda Tunduma, Sumbawanga, Mpanda ndo uitafute Kigoma, na watoto hao utafika wewe mwenyewe unahitaji likizo ya kupumzika hiyo likizo. Mi nimeendesha magari hizi njia miaka mingi na ntakwambia kitu kimoja, watu wa bajeti ndogo hela yao haiishii ufukweni, inaishia barabarani. Kila mkihama mnalipa nauli, mnalipa bajaji ya kuwatoa stendi, watoto wanataka soda, mnakula chakula cha stendi ambacho ni ghali na hakina ladha, halafu mnafika giza limeingia. Na chumba unachotafuta usiku mtoto kakulalia begani huwa hakina bei, unalipa chochote unachoambiwa. Chagua sehemu moja kaa hapo hapo, siku nne nzima mpaka muwajue mbwa wa mtaa kwa majina.

MkaziWaIpinda:
Karibu sana Kyela dada yangu. Naunga mkono BwanaKosta, njoo Matema ukae. Nitakwambia njia maana wengi wanapotea hapa wanalipa mara mbili. Toka Njombe panda basi la Mbeya, ukifika shuka stendi ya Nanenane pale Uyole, usiingie mjini, ukiingia mjini utalala na hela ya gesti ishaondoka. Pale Nanenane kuna kosta za Kyela muda wote. Uliza ya Ipinda au Matema moja kwa moja, ukikosa panda ya Kyela mwambie konda unashuka Kikusya, hapo ndo njia inapokata, siku hizi lami mpaka Matema sio kama zamani mvua ikinyesha unasukuma gari na begi kichwani.

Makoti msiyaache, mtayahitaji mpaka Tukuyu, pale ni baridi na ukungu na migomba na chai mlima mzima. Ukishaanza kuteremka kuelekea kwetu utaona watu ndani ya gari wanavua moja moja, kwanza koti, halafu sweta, mpaka mkifika Ipinda mtoto kabaki na singlendi. Njombe mko kwenye mita 2,000 hivi, ziwa letu halifiki hata mita 500. Hapo hujalipia kitu ushapata jua lako.

Hela sasa. Nauli za watu wanne kwenda na kurudi weka laki na nusu, huyo wa miaka 5 mpakate, ongea na konda vizuri. Chumba cha kawaida safi chenye neti mimi wageni wangu nawatafutia cha elfu 30, kuna nyumba za wageni za kanisa na kuna za watu binafsi, kwa siku nne laki na ishirini. Chakula elfu 25 kwa siku inatosha kama mtapika wenyewe na ndo siri yenyewe, beba sufuria moja na kisu, mchele nunua Ipinda, ndizi nunua njiani Kiwira au Tukuyu, mkaa upo. Samaki usinunue hotelini, amka saa kumi na mbili shuka pwani mitumbwi ndo inarudi, utapata magege, utapata dagaa, ukiwa na bahati unakuta mbasa. Mbasa dada, ukimbanika na limao na chumvi tu, sitaki kuongea sana. Hapo bado una kama laki moja, tenga elfu 30 ya mtumbwi wa kwenda Ikombe, inayobaki shika kwa dharura usiiguse.

Na tarehe angalia. Usije Sabasaba, watu wote wa Mbeya wanahamia huku na mziki wao. Njoo katikati ya mwezi wa sita, ingia Jumatano au Alhamisi, wenye vyumba wanapungukiwa wageni utapunguziwa bila hata kuomba sana.

Mludewa_Halisi:
Samahani mi nauliza swali. Dada unakaa mkoa wa Njombe, mkoa wako wenyewe una ziwa, hilo hilo Nyasa, halafu unavuka mkoa mwingine kulitafuta?? Lupingu iko wapi? Manda iko wapi? Ndo maana Ludewa hatuendelei, watu wetu wenyewe wanatupita.

Njia siku hizi sio ile, Lusitu mpaka Mawengi ni zege tupu. Lupingu mchanga upo, samaki wapo, hakuna mziki wala mtu wa kukutoza kiti. Nauli nusu ya hiyo ya Matema.

baridi_ya_Njombe:
Mludewa umenichoma kweli 😅 sikuwahi kufikiria. Kulala kukoje huko lakini? Na ile miteremko ya kushuka ziwani nasikia ni moyo mkononi.

Mludewa_Halisi:
Siwezi kukudanganya, kulala ni gesti za kawaida sana, bafu la ndoo, choo cha nje. Na mteremko wa mwisho kutoka Ludewa mjini kushuka Lupingu, milima ile ya Livingstone ina kona, gari inaenda pole pole ukichungulia chini unaona maji tu. Mimi nimezoea. Kwa mtoto anayetapika kwenye gari basi beba mifuko.

baridi_ya_Njombe:
Wa miaka 8 anatapika hata kwenye bajaji. Basi Lupingu ntaenda mwakani na baba yao tu 🙏

nesi_wa_zamu:
Naona mnaongea samaki na mchanga hakuna aliyemwambia huyu mama kuhusu kichocho. Maji baridi sio bahari. Bahari ya chumvi haina kichocho, ziwa linacho, na watoto ndo wanaopata zaidi kwa sababu ndo wanaokaa majini siku nzima.

Kinavyofanya kazi ni hivi, kuna konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete, vimelea vinatoka kwa hao konokono vinaogelea vinaingia kwenye ngozi, huhitaji kidonda wala kunywa maji, ngozi nzima tu vinapita. Kwa hiyo ufukwe wenye mchanga safi na mawimbi yanayopiga ni afadhali sana kuliko kale kakona katulivu kenye matete ambako wazazi wanakapenda wakidhani mtoto yuko salama. Na jua la saa sita ndo vinatoka kwa wingi. Afadhali haina maana hatari hakuna, kwa hiyo mkirudi hesabu wiki sita mpaka nane ndo uwapeleke kituo cha afya waambie walikuwa ziwani, wapimwe wapewe prazikwanteli. Usiwakimbize wiki ya kwanza, dawa ile haiui minyoo ambayo bado michanga, utakuwa umemeza bure.

La pili midomo ya mito. Mbaka, Lufilyo, Kiwira, yote inamwaga ziwani huko huko Kyela na mamba wanapenda pale mto unapoingilia ziwa. Usiogeshe mtoto hapo hata kama unaona watu wanafua. Uliza wenyeji wanaogea wapi, mkaoge hapo hapo. La tatu mnatoka Njombe hamna mazoea ya mbu wa Kyela, lala kwenye neti kila usiku, na mkirudi mtoto akipata homa hata baada ya wiki mbili usiseme ni mafua ya baridi, mpime malaria.

Sijasema msiende. Mimi mwenyewe naenda kila nikipata nafasi.

chungu_cheusi:
Nesi umenikumbusha mbali. Mimi sijawahi kuumwa, ila nilichapwa na mwera.

Nilienda mwezi wa saba na jamaa zangu wawili, na sisi tulikuwa wabanifu kuliko wewe mleta mada, tulibeba tenti tukasema chumba cha nini. Siku ya kwanza safi kabisa, ziwa limelala kama bati jipya, tukapiga tenti hatua kumi kutoka kwenye maji ili tusikie mawimbi tukilala. Tuliyasikia. Kama saa tisa usiku upepo ukaja, sio upepo wa kupepea, ule wa kusukuma, vigingi vikang'oka kimoja kimoja kwenye mchanga, jamaa mmoja akawa ameshikilia nguzo kwa mikono miwili mpaka asubuhi kama anaendesha basi, na wimbi moja likaja likachukua kiatu changu cha kushoto. Cha kushoto tu. Mzee mmoja mvuvi asubuhi akatuangalia akacheka, akatueleza kwamba mwera unatoka kusini, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo upepo unakokota maji njia nzima toka Malawi na Msumbiji huko halafu unakuja kuyabwaga huku kaskazini mwisho, na Matema ndo mwisho wenyewe. Akasema mngeuliza.

Kwa hiyo mwezi wa sita, wa saba, jua lipo na mvua hakuna lakini mwera upo. Mambo ya majini fanya asubuhi, mchana ukianza kuchafuka toka na watoto. Mtumbwi wa Ikombe nao uwe asubuhi, na uwe na maboya, mwenye mtumbwi akikwambia hayana maana tafuta mwingine. Upande ule wa milimani kina kinashuka ghafla, hatua mbili tatu humpati mtoto.

Ila Ikombe nenda. Akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu kule mpaka leo, na vinakuja na mitumbwi vimepangwa juu juu. Kama hela ya mtumbwi inauma subiri Jumamosi, vyungu vinakuja vyenyewe mnadani Lyulilo, ni kutembea tu kutoka Matema, unakuta vimejaa ufukwe mzima.

Na kuhusu meli ya Mbamba Bay, ipo, ni MV Mbeya II, na ile safari ni nzuri mno, unapita Lupingu, Manda, Liuli, milima imekusimamia upande mmoja, unashuka Mbamba Bay unarudi kwa lami kupitia Mbinga na Songea mpaka Njombe, yaani unafanya mzunguko kabisa. Lakini ni ya mtu mwenye siku za kupoteza. Ratiba ya meli inafuata ziwa haifuati likizo yako, na mwera ukikaza unasubiri, na kusubiri kuna bei.

BwanaKosta:
Kiatu cha kushoto tu 😂😂😂 ziwa lilijua linataka nini.

Niongezee la mwisho kuhusu vyumba. Kabla hujaweka begi chini uliza bei ni ya chumba au ya kichwa, na kama watoto wanahesabiwa. Gesti moja, jina naliacha, asubuhi niliongezewa hela ya "maji ya moto" ambayo sikuyaona, tena joto lile nani anaoga maji ya moto. Bei iandikwe, hata kwenye meseji.

baridi_ya_Njombe:
Nawashukuru wote, nimekaa na baba watoto tumepiga upya. Kigoma imefutwa, Mbamba Bay imefutwa, tunakaa Matema tu. Tunatoka Jumatano alfajiri, usiku wa Jumatano mpaka Jumamosi Matema, yaani usiku nne, Jumapili tunarudi. Sufuria, kisu, neti yetu wenyewe hata kama chumba kina neti. Mtumbwi wa Ikombe tumeukata, Jumamosi Lyulilo kwa miguu, ile elfu 30 inahamia kwenye samaki na chungu kimoja cha maharage maana cha kwangu kina ufa toka Krismasi. Kwa kweli baba watoto sasa ndo anaongea habari za mbasa kuliko mimi.

Nesi tarehe ya kuwapima nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani, katikati ya mwezi wa nane.

Swali dogo la mwisho, hicho chungu kinafikaje Njombe kikiwa kizima?

MkaziWaIpinda:
Usikubali konda akiweke kwenye buti wala juu ya kerea. Kijaze majani makavu ya migomba ndani, kifunge na kanga, mpakate wewe, na yule mdogo ampakate baba yake. Ukifika Tukuyu mtakuwa mmevaa makoti tena, kivalishe na chenyewe.