Naomba ushauri: binti yangu anataka kuigiza kwenye televisheni

Bandugu salamu. Niko Goma, kartie Katindo, na nina binti wa miaka 12 mwenye kipaji, si kwa sababu ni wangu. Akianza kumuiga mama muuza ndagala wa soko la Virunga, vile anashika kiuno, anakuangalia kwanza mfuko halafu uso, ata baba yake mwenye kununa anacheka mpaka anaweka chai chini.

Sasa kuna bwana mmoja ameniandikia kwa WhatsApp eti wanatafuta batoto wa kuigiza katika serie ya bijana, mtoto aende Kinshasa wiki mbili, mimi nibaki, na nitume dola 80 za dosie pamoja na mafoto yake ya mwili mzima. Nikauliza kontra iko wapi, akajibu "mama, kipaji hakingoje karatasi." Hapo roho ikakataa. Mimi nilijua mwenye kutafuta mwigizaji njo analipa, ao niko nyuma ya dunia?

Nafikiria nimpeleke kwanza Yole!Africa hapa kwetu, bijana wanajifunza filamu na dansi pale, lakini mwaka huu anamaliza primere na baba yake anasema mutihani kwanza, mchezo nyuma.

Wenye mtoto aliyepita njia hiyo, mulianzia wapi? Kontra ya mtoto mulimusomesha nani mbele ya kutia sinyatire? Na huyu bwana nimujibu ao nimubloke tu?