Kifaransa gredi ya 10, riwaya zanishinda. Niache?

binti_wa_malindi
Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Niko gredi ya 10 hapa Malindi, nimechukua njia ya sayansi za jamii na katika yale masomo matatu ya kuchagua moja ni Kifaransa. Nyumbani wananishangaa, mjomba asema si ungesoma Kitaliano, manake hapa kwetu hata muuza madafu anajua buongiorno, Kifaransa utazungumza na nani? Mimi nakipenda kweli lkn mwalimu alitupa kurasa mbili za riwaya tukasome nyumbani, nikakaa na kamusi toka magharibi mpaka saa nne usiku, kila neno naliangalia, nikifika mwisho wa sentensi mwanzo nishausahau. Sarufi najikokota, ila hizi hadithi naona ni za watu wa Paris, si zangu. Nibadilishe mapema ama kuna njia? Waliosoma nisaidieni tafadhali

dada_mkomani
Waaleikum salaam mdogo wangu. Usiache. Mimi nilisomea Kifaransa mbali na Lamu na mwaka wa kwanza nililia kama wewe, mpaka nikapewa Une si longue lettre cha Mariama Bâ wa Senegal, kilitoka 1979. Sikiza kisa chake. Ramatoulaye amefiwa na mume, yuko edani, miezi minne na siku kumi, na humo edani ndo anamwandikia sahibu yake Aïssatou barua, na barua hiyo ndo kitabu kizima. Mumewe alimuolea mke wa pili, na huyo mke mwenyewe alikuwa rafiki wa binti yao, wamesoma pamoja! Aïssatou naye alipoolewa mke mwenza alibeba wanawe akaondoka, Ramatoulaye akabaki. Sasa niambie, mtoto gani wa kike wa pwani haijui eda? Mwaka niliokisoma nyanya yangu alikuwa edani, mimi ndo nampelekea chai chumbani, wallahi nilikuwa nasoma Kifaransa na huku namuona nyanya kwenye kile kitanda. Mwanafunzi wa Paris ndo atahitaji kuelezwa eda ni nini, wewe huhitaji. Na kimetafsiriwa kwa Kiswahili, chaitwa Barua Ndefu Kama Hii, kitafute

mwl_kifaransa_pwani
Dada hapo juu amesema kweli, lkn mimi kama mwalimu naongeza, tafsiri isikusomee. Soma sura moja kwa Kiswahili, funga, kisha isome kwa Kifaransa bila kamusi hata kama unapotea, na pigia mstari neno likirudi mara ya tatu tu, hilo ndo ulitafute. Kutafuta kila neno ndiko kunakokuchosha binti yangu, si akili yako.

Halafu nyinyi watoto wa pwani mna mtaji hamuujui. Ile r ya Kifaransa inayowatesa wengine iko karibu sana na gh yetu ya ghali na lugha. Kukubaliana kwa maneno, un grand livre (kitabu kikubwa), une grande maison (nyumba kubwa), hiyo ni ngeli, na zao ni mbili tu! Na pale wengi wanapoanguka, il a lu ni alisoma, il lisait ni alikuwa akisoma. Ukishika hilo fungua L'Enfant noir cha Camara Laye, 1953, anakumbuka utoto wake Kouroussa kule Guinea, baba yake fundi wa chuma na dhahabu, sentensi zake hazikimbii na hiyo lisait utaiona kila ukurasa. Cha Cheikh Hamidou Kane, L'Aventure ambiguë, kiweke mpaka gredi ya 12, ni kizito, ijapokuwa kinaanza na mtoto chuo cha Kurani anafinywa na mwalimu kwa kukosea aya, hapo utajiona. Na ukiweza jiandae kwa DELF, mtihani wa kupima Kifaransa kwa viwango, anza A1 au A2, Alliance Française iko Mombasa

mjukuu_wa_ngazija
Mwambie mjomba hivi, Kifaransa atazungumza na Wangazija wa visiwa vya Komoro, jamaa zetu. Komoro lugha rasmi ni Kikomori, Kifaransa na Kiarabu, na Kikomori ni ndugu wa Kiswahili, ukiwasikiza polepole nusu unaipata. Habib Swaleh wa msikiti wa Riyadha ambaye watu wanajaa Lamu kwa maulidi alizaliwa Ngazija. Na riwaya ya kwanza ya Mkomoro kwa Kifaransa, La République des imberbes ya Mohamed Toihiri, ilitoka 1985. Watu wetu wenyewe wameandika kwa lugha hiyo, vipi iwe ya Paris peke yake?

binti_wa_malindi
Ahsanteni sana jamani, sikujua kabisa hiyo ya Habib Swaleh. Siachi. Jana nimejaribu ile ya mara ya tatu, kurasa mbili zimenichukua saa moja badala ya usiku mzima, sikuelewa yote lkn nilijua nani kafanya nini. Ile tafsiri ya Kiswahili nimeulizia duka la vitabu hapa mjini hawana, kuna mwenye nakala? Nitairudisha

dada_mkomani
Ninayo, imechanika jalada lkn kurasa zote ziko. Binamu yangu anapanda basi la Mokowe Ijumaa anashuka Malindi, nitampa. Anza na ile sehemu ya kugawa mali ya marehemu, uje utwambie umeonaje