Mrejesho: Gredi ya 5 waliokuwa wakikaa kwa makabila

Wadau, shukrani. Niliwauliza muhula uliopita nifanyeje na wanafunzi wangu hapa Likoni, Mombasa, maana wakati wa chakula Wadigo walikaa kwao, Wakamba kwao, Wajaluo kwao. Wengi mlinishauri siku ya utamaduni, ngoma na mavazi. Hiyo niliiacha. Watoto huvaa, hupigwa picha, basi, kila mmoja anarudi kwa wenzake.

Nilifuata wazo la yule aliyesema niwape kazi moja. Niliwachanganya, kila kundi likamhoji bibi au babu wa mmoja wao. Kundi moja lilipata habari za kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Aliyesimama kulisimulia darasa ni mtoto wa Kikamba, tena kwa madaha! Kundi jingine lilirudi likidai muthokoi, chakula cha Wakamba cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mpishi wa shule hajanisamehe.

Mzazi mmoja alihofia mwanawe anafundishwa mizimu. Nilimkaribisha aketi darasani, akatulia.

Makundi ya chakula bado yapo, ila sasa ni Arsenal huku, Manchester United kule. Muhula ujao nataka kuwapeleka Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa. Anayejua utaratibu wa shule anielekeze.