Msaada: nataka niongee kompyuta iandike Kiswahili kwenye Word, mkono uko kwenye hogo

BiStesheneri (mwanzisha uzi)

Wakuu za jioni. Nina stesheneri ndogo Ngamiani hapa Tanga: fotokopi moja, printa moja na laptopu yangu ya siku nyingi. Kazi kubwa ni kuchapa. Mikataba ya mauziano ya viwanja, barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikoba, kadi za mwaliko. Wiki mbili zilizopita bodaboda iliteleza nami, nikaangukia mkono wa kulia. Nimefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka karibu na kiwiko na nimeambiwa wiki 6. Vidole vinachungulia kwa mbele, lakini nikibonyeza kitufe kimoja tu maumivu yanapanda hadi begani.

Kwa mkono wa kushoto naandika kama kuku anayedonoa, ukurasa mmoja nusu saa. Na kabla sijaanguka nilikuwa nimepokea kazi ya mzee mmoja mstaafu wa mashamba ya mkonge, kaunta buku tatu zimejaa mwandiko wake, habari za maisha yake tangu ujana. Malipo ya awali alinipa na nimeshayala, nisiwafiche.

Kuna kijana akaniambia kompyuta siku hizi unaiongelesha inaandika yenyewe. Nikawasha Speech Recognition ya Windows 10, ikanisomesha sentensi za Kiingereza, nikasoma. Nikafungua Word, yangu ni ya 2010, nikasema vizuri kabisa: "Mkataba huu wa mauziano ya kiwanja." Ikaandika: "Carter boy who are my radio are key wanted." Nikarudia neno moja moja, kama nawasomea imla watoto wa darasa la pili. Ikaharibu zaidi, mara ikafunga dirisha zima na kazi ikapotea.

Shida ni maiki? Ni lafudhi yangu? Au Kiswahili hakimo humo kabisa? Natumia zile waya za masikioni za simu.

DogoMakorora

Dada pole. Ushauri wangu ni uajiri mtu mwenye vidole kumi. Mimi ninavyo vyote na niko jirani.

FundiWaKona

Pole sana dada. Usijilaumu lafudhi, hiyo programu haijui Kiswahili hata chembe. Speech Recognition ya Windows ina lugha 6 tu: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kijapani na Kichina. Kila unalosema inalilazimisha liwe Kiingereza, ndiyo maana mauziano yamekuwa radio. Na ilifunga dirisha kwa sababu inasikiliza amri pia, kuna kitu ulitamka ikadhani unaiamrisha.

Word ya 2010 nayo haina kitufe cha kuandika kwa sauti. Kile kimo kwenye Microsoft 365 na kwenye Word ya mtandaoni. Usihangaike nayo.

Njia fupi ni hii. Fungua Chrome, ingia Google Docs kwa akaunti yako ya Gmail, anza waraka mpya, halafu bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Itatokea picha ya maiki pembeni. Juu yake kuna orodha ya lugha, shuka chini uchague Kiswahili cha Tanzania, maana kipo na cha Kenya. Google walikiingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017, kwa hiyo si kitu cha majaribio. Bonyeza maiki, ikiwa nyekundu ongea. Ukimaliza pakua waraka kama faili la Word, hiyo 2010 yako itaufungua bila shida. Utahitaji bando muda wote unaoongea, kwa sababu sauti inakwenda kwenye mitambo yao na maneno ndiyo yanarudi.

Halafu hizo waya za simu. Angalia laptopu yako kama ina matundu mawili, moja la spika moja la maiki. Kama ni mawili, ukichomeka waya za simu kwenye la spika utasikia muziki vizuri, lakini maiki ya waya haifanyi kazi. Kompyuta inakuwa inakusikiliza kwa maiki yake ya ndani, ile iliyo karibu na feni yake.

MpenziWaVifaa

Nunua Dragon, programu ya kuandika kwa sauti, wapo wanasheria wa Ulaya wanaotumia hiyo. Inajifunza sauti yako.

MzeeWaImla

Mwanangu MpenziWaVifaa, Dragon haina Kiswahili. Atatoa pesa nyingi arudi kwenye Carter boy.

Binti, pole kwa mkono. Nilikuwa katibu muhtasi miaka mingi, nimeanza na taipureta, na mambo haya ya kusemesha kompyuta nimeyafuata tangu zamani. Word yenyewe ilikuwa na uwezo huu enzi za Office XP ya 2001 na Office 2003, kwa Kiingereza, Kichina na Kijapani, kisha wakauondoa kwenye Office ya 2007. Kwa hiyo aliyekuambia "siku hizi" amechelewa kidogo, ila kwa lugha yetu kweli ni siku hizi.

Nimeona unasema ulisoma neno moja moja. Hilo acha. Programu za kale, kama DragonDictate ya 1990, zilitaka utue baada ya kila neno. Za sasa zinataka kinyume chake. Zinabahatisha neno kwa kutazama majirani zake. Ukisema "kaa" peke yake, itajuaje kama ni kaa wa baharini, kaa la moto au kaa kitako? Ukisema "kaa la moto" kwa mkupuo haina wasiwasi. Soma fungu zima la maneno kwa mwendo wa kusoma taarifa ya habari, kisha pumzika. Usipaze sauti, na midomo isigusane na maiki.

BiStesheneri

Shikamoo mzee. Asanteni wote, jana nimejaribu na nina ripoti ndefu.

Kwanza maiki haikutokea nyekundu kabisa, nikakumbuka Chrome iliwahi kuniuliza kama iruhusu maiki nikabonyeza kataa. Nikabonyeza ile alama ya kushoto mwa anwani nikairuhusu, bado. Kumbe na Windows nayo ilikuwa imefunga, kule kwenye mipangilio ya faragha upande wa maikrofoni. Nilipofungua zote mbili ikawaka.

Nikasema tena, "Mkataba huu wa mauziano ya kiwanja." Wakuu, ikaandika kama nilivyosema! Nilipiga kelele mpaka muuza chapati wa nje akaja kuchungulia.

Furaha ikadumu kama dakika kumi. Haiweki nukta. Nikisema nukta inaandika "nukta", nikisema mkato inaandika "mkato". Adhana ya alasiri ilipoanza ikaandika mistari miwili ya maneno nisiyoyajua. Nikihamia dirisha jingine kutazama meseji, maiki inazima, nami naendelea kuongea na ukuta. Na kubwa kuliko yote: sehemu ya mkataba inayosema "mimi muuzaji sitakidai tena kiwanja hiki", imeandika "mimi muuzaji 6 kidai tena kiwanja hiki." Sita imekuwa namba! Mteja angesaini hivyo ingekuwaje?

FundiWaKona

Hahaa, 6 kidai. Hiyo ya alama za uandishi ni kweli, Google Docs inatii nukta na mkato kwa lugha chache tu na Kiswahili hakimo. Amri za sauti, kama kufuta au kukoza maneno, ni Kiingereza peke yake.

Mimi nafanya hivi. Nachagua neno ambalo halitatokea kwenye kazi yangu lakini kompyuta inalisikia vizuri, nalitumia badala ya alama. Kwa mfano tembo ni nukta, nyani ni mkato, kiboko ni aya mpya. Unasoma: "mimi muuzaji nimepokea fedha taslimu nyani mbele ya mashahidi tembo kiboko." Ukishapakua kwenye Word unabonyeza Ctrl na H. Kwenye kutafuta andika nafasi kisha tembo, kwenye kubadilisha weka nukta, badilisha yote. Ile nafasi ya mwanzo usiisahau, la sivyo nukta itakaa mbali na neno lake. Kwa kiboko, kwenye kubadilisha andika ^p, hiyo kwa Word ndiyo aya mpya. Halafu teua waraka wote, bonyeza Shift na F3 mara kadhaa mpaka kila sentensi ianze kwa herufi kubwa. Majina ya watu na miji yatageuka herufi ndogo, utayarudisha kwa mkono wa kushoto.

Majina, tarehe na kiasi cha fedha kwenye mkataba usiviamini kwa sauti. Acha pengo, andika kwa vidole. Ni maneno machache.

BintiPangani

Mimi nashauri simu. Una Gboard, ile kibodi ya Google? Weka Kiswahili, bonyeza maiki ya kibodi, ongea ndani ya Google Docs ya kwenye simu, laptopu ikiwa imefungua waraka huohuo. Maneno yanatokea kule mbele ya macho yako. Maiki ya simu kwangu ni bora kuliko ya laptopu, na simu unaweza kwenda nayo chumba cha ndani ukafunga mlango. Shughuli za mikataba zinataka chumba cha ndani hata hivyo. Utasomaje majina ya watu na bei za viwanja kibarazani, wapita njia wanasikia?

Msiri

Afadhali BintiPangani umeligusa. Si wapita njia tu. Sauti inakwenda kwenye mitambo ya kampuni ya nje, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwambie mteja kabla. Kwa kazi nyeti kuna Whisper ya OpenAI, waliitoa Septemba 2022. Ukishaipakua inafanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti, na Kiswahili inakijua. Unarekodi kwanza, halafu unaipa rekodi. Ila kwa laptopu ya zamani utaiacha ikihangaika huku unakwenda sokoni na kurudi. Na penye kimya kirefu inabuni maneno. Mimi niliwahi kukuta katikati ya barua ya mjomba imeniandikia asante kwa kutazama. Mjomba alikuwa anakohoa.

BiStesheneri

Jamani FundiWaKona, tembo wako kaniponza!

Mikataba ilikwenda vizuri. Nikaingia kaunta buku ya kwanza ya mzee, nikasoma kurasa kumi na mbili, nikabonyeza Ctrl na H, badilisha yote. Nikachapa nikampelekea akague. Akavaa miwani, akasoma, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa manamba walikuwa wakinywa nini?" Natazama: "Jumamosi jioni baada ya posho vijana walikuwa wakinywa." Nukta. Chini yake: "Akina mama waliuza. kwa vibuyu." Nimefuta tembo lote la mnazi, pombe ya kambi nzima!

Nimebadilisha, nukta sasa ni twiga. Nyani pia nimemwondoa, maana kwenye buku la pili wamekula mahindi ya mnyapara.

Na kila penye "korona" imeandika Corona kwa herufi kubwa ya Kiingereza. Singa inaandika siga, mara sinia. Nifanyeje?

MzeeWaImla

Marahaba binti, nimecheka peke yangu. Wasiojua: korona ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na singa ndizo nyuzi zinazotoka. Mashine hiyo watu wa Tanga tunaiita hivyo tangu enzi na enzi, ugonjwa umekuja juzi. Kompyuta imelishwa habari za ugonjwa, za mkonge haikulishwa.

Usipigane nayo. Kwa kuwa inakosea vilevile kila mara, isahihishe kwa Ctrl na H: Corona iwe korona, siga iwe singa. Lakini hapo usibonyeze badilisha yote, pita moja moja. Kosa moja la tembo limetosha.

FundiWaKona

Naungana na mzee. Yale ya kudumu, twiga na wenzake, yarekodi kama makro kwenye Word, yote yafanyike kwa kubonyeza mara moja. Samahani kwa tembo, mimi ni mtu wa bara.

BiStesheneri

Mrejesho wa mwisho kwa leo, bando linakaribia kukata.

Nimehamia chumba cha ndani, natumia simu kama alivyosema BintiPangani. Ukurasa wa kaunta buku nausoma kwa dakika nne au tano, kusahihisha kama dakika kumi. Si mbio kama nilipokuwa na mikono miwili, lakini wateja hawaondoki tena.

Mwandiko wa mzee ulinishinda kwenye buku la tatu, wino umefifia. Nikamwomba aje asome mwenyewe. Anakuja kila siku baada ya swala ya alasiri, anakaa kwenye kigoda, simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari. Kusema twiga penye nukta anakumbuka kuliko mimi. Shida ni kwamba hasomi yaliyoandikwa. Anasoma mstari mmoja, anafunga buku, anaanza kusimulia ambayo hayamo, mnyapara gani alimpenda binti gani, na simu inaandika yote. Jana buku limesonga kurasa mbili, waraka umeongezeka kurasa kumi na moja.

Tulipatana kwa ukurasa wa buku. Sasa nimdai kwa ukurasa upi, wa buku au wa kompyuta?

DogoMakorora

Dada, malipo ya awali si ulishayala? Endelea kuchapa. Ila buku la tatu likitoka niwekee nakala, nataka kujua huyo binti aliolewa na nani.