Mume hataki kupima presha na upimaji ni Jumamosi. Naombeni ushauri

MamaShadia: Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malaba, upande wa Uganda. Jumamosi kuna upimaji wa bure uwanja wa msikiti: presha, sukari na uzito. Baba Shadia ana miaka 52, ni dereva wa lori, hataki hata kusikia. Mara iliyopita foleni ilijaa sisi wanawake, wanaume walikuwa wazee wenye bakora tu. Nimfanyeje akubali?

Mzee_wa_Steji: Dada, mwache apumzike. Ukienda kutafuta ugonjwa utaupata. Mimi nabeba magunia na sijui mlango wa hospitali.

Hajati_Mbale: Kwanza mpunguzieni waume zenu chumvi. Marehemu mume wangu alikuwa anaongeza mezani kabla hajaonja. Na dua msiache.

Muuguzi_Tororo: Hajati, chumvi ni kweli, lakini presha haina sura. Mtu ana 180 na anacheka. Wanawake tunawapata kliniki ya wajawazito, mashine wameizoea tangu mimba ya kwanza. Mwanamume analetwa siku mdomo umepinda. MamaShadia, mbona haraka hivyo? Analalamika nini?

MamaShadia: Kichwa asubuhi, basi.

Muuguzi_Tororo: Basi tu?

MamaShadia: Kaka yake alianguka kwa kiharusi Ramadhani iliyopita. Tangu hapo namwekea Baba Shadia nusu kidonge cha presha cha mama yangu kwenye uji. Nakisaga kwa mgongo wa kijiko, natia ndimu na sukari. Mlitaka nimtazame mpaka naye aanguke? Na kichwa kimepungua.

Hajati_Mbale: Subhanallah! Kumlisha mume dawa kwa siri?

MamaShadia: Ni dawa ya hospitali, Hajati, si ya mganga.

Muuguzi_Tororo: Dada, usimwekee tena. Hujui presha yake ni ngapi wala figo zake zikoje, na huyo mtu yuko barabarani. Ikishuka ghafla akapata kizunguzungu na lori mkononi? Halafu Jumamosi mashine itasoma kazi ya kidonge, aambiwe yuko sawa. Mweleze ukweli, kesho aende kituo cha afya na paketi ya dawa. Presha ikipimwa tena siku nyingine na bado ni 140 kwa 90 au zaidi, ataanzishiwa yake.

Sioni_Sidanganyiki: Uongo huu. Dereva analala njiani wiki nzima, uji wa kila asubuhi anaunywea wapi?

MamaShadia: Nani kasema kila asubuhi? Ni siku akiwa nyumbani.

Muuguzi_Tororo: Siku moja anakunywa, siku tatu hanywi. Hiyo si tiba kabisa.

Mwalimu_Gulu: Uongo au kweli, wanaume ndivyo tulivyo. Huku kaskazini, kuanzia 2018, watafiti walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja. Waliokutwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, wengine walichomwa penisilini kila mwezi. Baada ya miaka 2, watoto ambao ugonjwa wao ulizidi walikuwa 0.8% ya waliochomwa, na 8.2% ya wasiochomwa. Mtoto tunampeleka. Sisi wenyewe je?

Sioni_Sidanganyiki: Mwalimu, hujajibu kuhusu uji.

Dereva_Busia: Achaneni na uji. Mimi nilipima kwa sababu turnboi wangu alitangulia kukunja shati, nikaona aibu kubaki garini. Shemeji, ukishamwambia ya kidonge, nitumie namba yake faraghani. Kesho napaki Malaba, twende naye kituoni. Mke akisema anaona anasumbuliwa. Dereva mwenzake atamsikiliza.

MamaShadia: Anarudi leo usiku. Nakutumia sasa hivi.