Naomba ushauri: kushusha boti peke yangu katika mto Thames

MgeniWaMto: Habari zenu, ndugu zangu. Ninashusha boti yangu nyembamba kutoka Oxford hadi Teddington, na ninaomba mnieleze namna ya kushika kamba ndani ya vile vyumba vya milango vya kupandishia na kushushia boti mtoni, maji yanapopungua na boti ikashuka nayo. Nipo peke yangu, na usingizi siupati.

Nahodha_Mstaafu: Zima injini, na kamba usiifunge kabisa. Izungushe kwenye nguzo, ushike ncha yake na uilegeze kadiri boti inavyoshuka, kwani ukiikaza boti itaning'inia. Tezi, yaani nyuma ya boti, isirudi nyuma hadi kwenye kizingiti kilicho chini ya milango ya juu; ikikalia hapo, omo, yaani mbele yake, itazama. Mbao za tahadhari milangoni, zinazoonya kuhusu nguvu ya mkondo, zina rangi gani?

MgeniWaMto: Ahsante sana. Kamba iwe nene kiasi gani?

BintiShela: Marehemu babu yangu wa Lamu alikuwa akingoja maji yajae ndipo apite mlango-bahari wa Mkanda, na hakuwahi kuchelewa harusi yoyote isipokuwa yake mwenyewe.

Nahodha_Mstaafu: Hujajibu kuhusu mbao.

MgeniWaMto: Ni nyekundu tangu juzi. Hata hivyo gati la zamani nimeshalirudisha, na kodi ya gati jipya nimeshailipa. Isitoshe, hilo ni onyo tu. Hakuna mlango uliofungwa.

Ustadhi_wa_Leeds: Tumekatazwa kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu, nawe unayafuata kwa sababu ya kodi!

Mdadisi: Mimi kisa hiki sikiamini. Daraja la Osney, hapo hapo Oxford, lina nafasi ya takriban mita 2.3 tu kutoka majini hadi juu, na mto ukijaa nafasi hiyo hupungua. Boti yako imepitaje?

MgeniWaMto: Boti ipo Iffley, imeshalipita daraja hilo kuelekea mto unakoshukia. Sina sababu ya kubuni.

BintiShela: Basi tutumie picha ya boti.

Nahodha_Mstaafu: Picha haitamsaidia. Mbao zikiwa nyekundu, mabanio, yaani malango ya kupitishia maji ya mto, huwa yamefunguliwa sana, na mengi yapo jirani na njia ya kuingilia chumba cha milango. Injini ikikatika hapo, mkondo unakuvuta bila kujali kodi uliyolipa. Ngoja hadi ziwekwe mbao za njano zinazotangaza kwamba mkondo unapungua, kisha umuulize mlinzi wa milango kabla ya kung'oa nanga. Na bima yako isome, maana baadhi hazilipi mtu aliyepuuza onyo. Nanga unayo?

MgeniWaMto: Ipo, ila mnyororo wake bado uko kwa fundi.