"Gari ya zamani lazima ilie": mafundi wa Dodoma, acheni kutubadilishia spea kwa kubahatisha

Wakuu, huu ni uzi wa hasira na sitaificha.

Kuna sentensi moja ambayo mafundi wengi wa mji huu wanajifichia nyuma yake: "Gari ya zamani hii mkuu, lazima ilie." Nimeisikia mpaka nimechoka na siikubali. Gari halilii kwa sababu ya umri. Linalia kwa sababu kuna kitu kinasuguana na kingine, mahali ambapo unaweza kupagusa kwa kidole. Kazi ya fundi ni kupatafuta mahali hapo. Kama hajapapata, kazi hajaifanya, hata kama amefungua nusu ya gari na kukuandikia bili ya kurasa mbili.

Naendesha Toyota Celica ZZT231 ya mwaka 2002. Kwa wasiolijua, hili ndilo toleo la mwisho la Celica, lililotoka kati ya 1999 na 2006. Langu lina injini ya 2ZZ-GE ya cc 1,796, ile ambayo Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha, giya sita za mkono, na ukivuka mizunguko 6,000 injini inabadilika sauti kabisa. Nimelitafuta kwa muda mrefu, nalipenda, na huduma zake hazijawahi kupita tarehe. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nimelitelekeza.

Mlio ulianzia mbele kushoto. Kwiii-nyek, kwiii-nyek, kila nikipanda tuta taratibu au nikiingia getini tairi moja likiwa limetangulia. Nikiwa barabara ya Morogoro kwenye 80, kimya. Asubuhi za Juni na Julai, ule ubaridi wa Dodoma mnaoujua, linalia zaidi. Mchana jua likishawaka, mlio unapungua. Na jambo la muhimu kuliko yote: nikitoka kuliosha, linanyamaza hadi likauke.

Haya yote nilimweleza fundi wa gereji moja kubwa hapa mjini (jina siliweki) kabla hajashika spana. Hakuandika hata neno moja. Alichofanya ni kuleta mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akachomeka chini ya usukani, akasubiri. Mashine haikuonyesha kosa lolote. Ingeonyeshaje? Kompyuta ya gari inasoma sensa za injini, breki na airbag. Kwenye bushi, yaani kile kipande cha mpira kinachokaa kati ya vyuma, hakuna sensa. Lakini hela ya "daignosisi" nililipa.

Baada ya hapo ikaja hukumu: shokapu zimekufa. Zikabadilishwa zote mbili za mbele. Mlio ukabaki. Basi ni maunti, vile vishikizo vinavyoifunga shokapu kwenye bodi kwa juu. Zikabadilishwa. Mlio upo. Basi linki za stabilaiza, vile vifimbo vifupi vinavyoiunga stabilaiza (fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona). Mlio upo vilevile. Kila hatua nililipa spea na ufundi, na kila hatua niliambiwa "sasa imekwisha hiyo". Zile shokapu za zamani nilipoziulizia, hazikuonekana. Zilikuwa hazivuji, na gari lilikuwa likikandamizwa kwenye boneti linarudi mara moja na kutulia. Najiuliza leo ziko kwenye gari la nani.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, maana ndipo damu inaponichemka. Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Desemba mvua zilipoanza, gari likanyamaza. Fundi akanipigia simu mwenyewe kuuliza hali, nikamwambia limetulia, akajibu: "Si umeona? Tumemaliza tatizo." Mvua ndiyo iliyoloanisha mpira, sifa akachukua yeye. Mei ardhi ilipokauka mlio ukarudi palepale, na safari hii akasema ni bushi za wishiboni, ule mkono wa chuma wa chini unaoshika tairi.

Hebu zipimeni dalili nilizompa tangu siku ya kwanza. Mlio wa mwendo mdogo, unaozidi kwenye baridi na kukatika ukiloa, karibu kila mara ni mpira mkavu unaosuguana na chuma. Boljointi (kiungo cha kati ya wishiboni na tairi) iliyolegea inagonga, na ukiinua tairi kwa jeki ukalitikisa utaisikia mkononi. Sivijointi (kiungo cha ekseli inayozungusha tairi) iliyokwisha inakatika ka-ka-ka-ka ukikata kona huku umekanyaga mafuta. Beringi ya tairi inavuma, na mvumo unapanda na spidi. Maunti ya shokapu iliyoharibika unaijua gari likiwa limesimama: mmoja anazungusha usukani, mwingine anashika springi kwa kiganja, na utaisikia springi ikijikunja kisha kuruka ghafla. Hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivi kinachohitaji kununua spea. Vinahitaji watu wawili na subira.

Na stabilaiza ina kipimo chake cha uhakika. Fungua linki zote mbili, za kulia na kushoto, uzifunge pembeni zisigonge kitu, kisha zunguka mtaani polepole kwenye matuta yaleyale. Mlio ukiondoka, tatizo liko kwenye stabilaiza au vinavyoishika. Ukibaki, umeshaondoa kundi zima kwenye orodha ya washukiwa. Hawa mafundi walizifungua hizo linki kwa mikono yao ili wafunge mpya! Walikuwa ndani ya kipimo chenyewe na hawakuona haja ya kuliendesha gari hatua mia moja.

Wishiboni. Hapa sasa hawakushindwa tu kutafuta tatizo, wameniharibia gari. Bushi ya wishiboni ni bomba la chuma katikati, limegandishwa na mpira pande zote. Ukikaza bolti, lile bomba linabanwa lisizunguke, na wishiboni ikipanda na kushuka ni mpira ndio unaojinyonga kidogo na kurudi. Kwa hiyo bolti hukazwa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake, kwa kimo chake cha kawaida. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza hivyo: shusha gari, likandamize mara kadhaa litulie, ndipo ukaze. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia juu ya jeki, siku utakayolishusha chini mpira unaanza maisha yake ukiwa umeshanyongwa. Unalia, na unachanika mapema.

Mimi nilikuwepo. Nilimwona akikaza kwa nguvu zake zote na tairi liko hewani. Nikamuuliza, akanijibu kwamba amefanya kazi hii tangu sijajua kuendesha. Gari lilitoka pale na mlio wa zamani, pamoja na mlio mpya mzito, kroooo, kila nikikanyaga breki taratibu.

Nililirudisha. Unajua walichofanya? Walinipulizia oil chafu iliyochanganywa na dizeli chini yote ya gari. Hii tabia iko karibu kila mahali penye kuosha magari hapa mjini na watu wanailipia, kwa hiyo naomba isomwe vizuri: mafuta ya petroli, dizeli na oil vinaushambulia mpira wa kawaida. Unavimba, unalainika, unapoteza nguvu. Utapata ukimya wa siku chache, kisha vumbi letu hili linaganda kwenye ule utelezi na kugeuka msasa unaosaga kila kiungo. Kama ni lazima upake kitu kwenye mpira, paka grisi ya silikoni, ile isiyotokana na petroli.

Aliyelipata tatizo ni kijana wa Nkuhungu anayefanyia kazi chini ya mti, hana banda wala mashine. Alichoanza nacho ni maswali: linalia saa ngapi, ukiwa peke yako au na abiria, mvua ikinyesha je? Akaniambia niendeshe mwendo wa miguu huku yeye akitembea pembeni ameinama. Kisha akalala juu ya boksi, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kila kiungo na mpini wake sikioni, mimi nikikandamiza gari juu ya tairi la kushoto. Kumbe mlio ule ambao ndani ya gari unausikia kama unatoka kwenye dashibodi, chini unatoka mahali pengine kabisa, maana bodi ya chuma inaubeba. Akachukua chupa ya maji ya kunywa, akatoboa kizibo, akawa anapulizia bushi moja, ananiambia kandamiza, anasikiliza, anahamia nyingine. Wishiboni, bado. Maunti, bado. Alipofika bushi ya stabilaiza ya kushoto, gari likanyamaza mikononi mwangu.

Akafungua kile kibanio chake. Bushi ilikuwa imekakamaa, tundu lake limepanuka likawa yai, na ndani kumejaa vumbi jekundu laini. Ile fimbo ya stabilaiza pale ilipokuwa inashikwa ilikuwa haina rangi tena, imesuguliwa mpaka inang'aa chuma kitupu. Ndicho kitu kilichokuwa kinalia tangu mwanzo. Bushi mbili mpya, grisi kidogo ya silikoni, fimbo ikasafishwa kwa msasa laini. Spea na ufundi vyote havikufika elfu hamsini. Kule nilishaacha zaidi ya laki tisa.

Kisha akanionyesha bushi za wishiboni walizofunga wao. Mpira una mchaniko unaoingiza kucha, na bado ni mpya. Akalegeza bolti, akaweka tairi juu ya magogo ili gari likae kwa uzito wake, akalitikisa na kukaza upya. Ule mkoromo ulipungua sana, lakini mchaniko haufungi. Lazima ninunue nyingine.

Nilipokwenda kule gereji na bushi ya stabilaiza mkononi, msimamizi hakuitazama. Alisema kazi ikishatoka getini haina garantii, na kama nataka gari lisilolia ninunue jipya. Mbele ya wateja wengine. Mtu niliyemlipa ananiambia mbele za watu kwamba kosa ni langu kwa kumiliki gari ninalolipenda.

Sisemi mafundi wote wako hivyo, na yule kijana wa Nkuhungu ni ushahidi. Lakini mji huu umekua haraka tangu serikali ihamie, magari yameongezeka kila mtaa, na gereji zenye mabango makubwa zimejua kwamba mtu wa ofisini ana haraka, atalipa na kuondoka. Ninachodai ni kidogo. Fundi apande gari na mwenye gari, ausikie mlio kwa masikio yake kabla ya kutaja spea. Aonyeshe kilichokufa kikiwa bado kimefungwa, na akikitoa anirudishie, kiwe kizima au kibovu. Spea ya kubahatisha ikishindwa kuondoa tatizo, hasara iwe yake aliyebahatisha. Na bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa chini. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, linahitaji shimo au magogo manne tu.

Wenye Celica, Altezza, Impreza na magari mengine ya umri huu hapa Dodoma, naomba mniambie ni gereji gani yenye shimo la kufanyia kazi ambako wanakaza bushi gari likiwa kwenye uzito wake. Nitumieni kwa ujumbe wa faragha, sitaki uzi ugeuke matangazo. Pia natafuta bushi orijino za wishiboni za ZZT231. Za Kariakoo nilizoonyeshwa mpira wake unabonyea kwa kidole, sizitaki.

Na kama kuna mdau amewahi kupeleka malalamiko ya gereji Tume ya Ushindani, FCC, aweke hapa hatua alizofuata na karatasi alizoombwa. Risiti zangu zote ninazo, picha za mchaniko ninazo, na ile bushi ya wishiboni nikishaifungua nitaihifadhi ndani ya mfuko ikiwa na vumbi lake hivyohivyo.

Nyongeza: Aliyeuliza kuhusu zile bushi ngumu za poliyurethani, ndiyo zinadumu, lakini zikifungwa bila grisi yake maalumu zinalia kuliko za mpira. Mwulize fundi wako kama anayo hiyo grisi kabla hujanunua. Akikwambia atatumia ya beringi, chukua bushi zako uondoke.